Somo: Hesabu kilo za mlima kabla ya kumtajia mteja bei

Wenzangu wenye kampuni ndogo za safari hapa Nairobi, somo la utalii unaowajibika nililoahidi ndilo hili. Nalianzia mezani, kwenye karatasi ya hesabu. Karibu kila uchafu na kila uonevu niliowahi kuuona njiani ulipangwa mjini, siku mtu alipotaja bei. Ukiuza Mlima Kenya bila hela ya wapagazi watatu wa mwisho, mizigo yao haitabaki Nanyuki, chini ya mlima. Itapanda, mgongoni mwa wale kumi uliowalipa.

Hatua ya 1: Kilo kwanza, shilingi baadaye

Tuseme una wateja 8 wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon siku nne. Kila mteja ana begi la kilo 12, hizo ni 96. Hema, chakula, mitungi ya gesi na sufuria ni kama kilo 90. Jumla 186. Kwa wapagazi 10, kila mmoja anabeba 18.6, halafu ongeza kilo 5 za blanketi na nguo zake: 23.6. Kwa wapagazi 13 inashuka hadi 14.3, na pamoja na vitu vyake 19.3. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Mimi nimeifanya 20 kuwa sheria ya nyumba yangu, vitu vyake vikiwemo ndani.

Kwa hivyo nunua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia viazi sokoni. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii sikuwa nayo. Tulipofika kambi ya Shipton's, karibu mita 4,200, mteja mmoja alifungua begi lake tukaona jeans tatu, chupa mbili za mvinyo na mashine ya kukausha nywele. Mahali pasipo na soketi hata moja! Kijana aliyelibeba alikuwa na raba zilizopasuka ubavuni na hakuwa na koti la mvua. Nilikuja kujua hayo asubuhi tu, nilipomkuta ameshikilia soksi zake juu ya mvuke wa sufuria ya uji ili zikauke kabla hatujaondoka. Kosa lilikuwa langu, si la mteja. Yeye hakuambiwa lolote.

Siku hizi mabegi yanapimwa Nairobi jioni ya kuamkia safari, na kinachozidi kinabaki ofisini. Tena nina sanduku la makoti, buti na glavu nilizookota soko la mitumba la Gikomba moja moja kwa miezi kadhaa. Mpagazi anaazima, anatia sahihi, anarudisha. Gharama yake ni ndogo kuliko ile tunayolipa kwa picha za matangazo.

Ujira uandikwe kabla ya kupanda na uingie M-Pesa siku ile ile ya kushuka. Bakshishi si mshahara. Ukisikia kiongozi wa msafara akiwaambia vijana "mtapewa na wageni", jua kuna hela imefichwa mahali.

Hatua ya 2: Jua idadi yako, uifunge

Nenda vilima vya Ngong Jumapili uone mabasi yanavyomwaga watu sitini sitini, kila kundi na spika yake. Kundi kubwa halitembei njiani, linatembea kando ya njia. Kwenye lile tope maarufu la njia ya Naro Moru, Mlima Kenya, kila mtu anakwepa matope kwa kukanyaga pembeni, na mwaka unaofuata pembeni pamekuwa tope pia. Mimea ya juu kule, lobelia na wenzake, hukua polepole mno. Unyayo wa dakika moja hausahauliki upesi. Wafundishe wateja kupita katikati ya tope. Buti huoshwa.

Mimi nafunga watu 12 kwa njia za milima. Wa kumi na tatu anangoja tarehe nyingine, hata akiwa binamu yangu.

Hatua ya 3: Taka zipungue jikoni kwako

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Bado naona katoni za maji ya chupa zikipakiwa kwenye van saa kumi na moja alfajiri. Beba mitungi ya lita 20, kila mteja aje na chupa yake, na mlimani chemsha au chuja maji ya mto.

Taka nyingi ni vifungashio vya vitafunio. Fungua biskuti, karanga na supu za pakiti mjini, uziweke kwenye mikebe. Chapati na mayai hazina karatasi ya kung'aa. Kinachobaki kiingie gunia moja, lipimwe getini ukitoka, na uandike kilo kwenye daftari. Safari ya kwanza utaona aibu. Ya tatu utaona tofauti.

Nasisitiza kupunguza kwa sababu moja: hata nikirudisha gunia lote Nairobi, najua mwisho wake ni jalala la Dandora. Kuhamisha taka kutoka kwenye mlima mzuri hadi kwa watu maskini si usafi kwangu.

Hatua ya 4: Choo

Hakuna anayependa kulizungumza, kwa hivyo nitakuwa mfupi. Penye choo, kitumike. Pasipo na choo, chimba sentimita 15 hadi 20, angalau mita 60 kutoka majini, kambini na njiani. Tishu irudi nawe kwenye mfuko. Juu kwenye baridi kinyesi hakiozi haraka, na maji yale ndiyo yanayonywewa huko chini. Kwa kundi linalolala, beba hema la choo na mtu wa kulisimamia, umlipe zaidi ya wengine.

Hatua ya 5: Wenyeji ni wataalamu, si mapambo

Kiongozi atoke pale pale mnapokwenda, awe na kibali, na kauli yake iwe ya mwisho. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 kwenye korongo la Ol Njorowa, Hell's Gate. Mvua huweza kunyesha mbali, juu, nawe umesimama korongoni jua linakuwakia kichwani. Mzee aliyezaliwa karibu na korongo husoma wingu ambalo simu yako haijalisoma. Akisema turudi, mnarudi, na masharti yako ya malipo yawe yameshaeleza hivyo ili mteja asije akakushika shati.

Mlima Suswa, ambako ardhi inasimamiwa na jamii ya Wamaasai wenyewe, lipa kiingilio kwa wanaohusika na uchukue risiti. Usimwachie dereva pesa za manyatta "akapatane". Nimeona bahasha ikitoka nene na kufika nyembamba. Picha ya mtoto haipigwi kabla mzazi hajakubali, na peremende zibaki Nairobi.

Hatua ya 6: Karatasi

Leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, bima, na ada za mbuga kupitia eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Bila hizo usitumie neno "kuwajibika" kwenye tangazo lako.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kasarani:* Mwalimu, haya ni mazuri, lakini jirani yangu anauza safari ile ile kwa theluthi mbili ya bei yangu. Nitakula nini?

Kaka, nimepoteza wateja kwa sababu hiyo, sitakuficha. Nilichofanya ni kuweka ile hesabu ya kilo kwenye tangazo lenyewe: wapagazi 13, ujira wao huu, chakula hiki. Wengine walipita, wengine wakauliza swali moja kwa yule wa bei nafuu: "Wapagazi wako ni wangapi?" Kama mfuko wa mteja ni mdogo, muuzie Mlima Longonot wa siku moja usiohitaji mpagazi. Usimuuzie Mlima Kenya nusu.

*Dada wa Rongai:* Nina van moja. Nifuate kile cheti cha utalii wa mazingira cha shaba, fedha na dhahabu?

Dada, ule mpango wa Ecotourism Kenya ulioanza 2002 hukagua hasa mahali pa kulala wageni. Utumie kuchagua kambi na loji za kupeleka wateja. Kwa viongozi wako, watume wafanye mitihani ya chama cha waongozaji wa safari nchini, KPSGA (Kenya Professional Safari Guides Association), nayo ina ngazi tatu hizo hizo. Lipia wa kwanza mmoja. Wengine wataona wivu na watajisomea.

*Mwanachama wa Ruiru:* Bakshishi zetu hupotea kati ya mgeni na mpagazi. Mnafanyaje?

Hadharani. Siku ya mwisho watu wote wanasimama duara, mteja mmoja anasoma majina na kiasi, kila mtu anapokea mkononi au kwenye simu pale pale. Mara ya kwanza kiongozi wangu wa msafara alinuna hadi Nyeri.

*Mwanachama wa Embakasi:* Sisi kila safari tunapanda miti mia moja. Si hiyo inatosha?

Mingapi iko hai, ndugu? Mimi nilipanda miche hamsini karibu na msitu wa Kereita, nikapiga picha, nikarudi baada ya mwaka. Nilikuta tisa. Siku hizi naongea kwanza na chama cha jamii cha msitu ule. Wao ndio wanaojua mche gani ni wa pale, mahali gani ni nyasi zisizotaka mti kabisa, na nani atamwagilia Januari. Nalipa utunzaji kuliko kulipa upandaji. Miti mia na picha yake haifuti safari ya van iliyoacha gunia la taka nyuma.

*Dada wa Rongai tena:* Na mteja akikataa begi lake kupimwa?

Nilimpata mmoja mwezi uliopita, mzee mwenye heshima zake, begi kilo 19. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, kuna njia mbili: tupunguze, au ulipie mpagazi wa pili." Akafikiri kidogo, akatoa viatu vya ngozi na kompyuta. Kompyuta ililala ofisini kwangu Ngara siku nne, inachaji.