Kuchagua Mazda MX-5 ya zamani kama gari la kila siku: hatua kwa hatua

Gari la spoti la viti viwili, lenye paa la turubai na sura ya miaka ya 60, linaweza kukupeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa bila kukuaibisha. Sharti lake ni kukagua bodi kabla ya kufungua boneti. Injini ya MX-5 karibu kila fundi mwenye akili timamu anaimudu. Bodi iliyoliwa na kutu ndiyo inayomaliza pesa, na wanunuzi wengi huiangalia mwisho, wakiwa wameshalipenda gari.

Hatua ya 1: Amua kama unataka mzee wa kweli au kijana mwenye sura ya mzee

MGB, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1962 hadi 1980, ni nzuri kuitazama na haina ugumu wa kutengeneza. Lakini ina kabureta mbili za kusawazishwa, na nyingi bado zina platini (vikata-umeme vya plagi) za kuwekwa nafasi kila mara. Zile za kabla ya 1967 gia namba moja haiingii vizuri mpaka gari lisimame kabisa. Kwenye foleni ya Morogoro Road saa kumi na mbili jioni, hayo yote utayasikia kwenye goti. Hilo ni gari la Jumapili.

MX-5 ilioneshwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Umbo lake linafuata nyayo za Lotus Elan ya miaka ya 60, ila ndani kuna mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli na wa kuchoma plagi. Asubuhi unazungusha ufunguo, linawaka. Uzito wake ni chini kidogo ya tani moja, injini iko mbele na nguvu inakwenda tairi za nyuma. Kwa matumizi ya kila siku, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 2: Chagua kizazi na injini

Japani kizazi cha kwanza kilikuwa kikiuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Usitegemee maneno ya muuzaji. Soma namba ya chesisi. NA6CE ni kizazi cha kwanza chenye injini ya sisi 1,600, NA8C ni cha sisi 1,800 kilichoanza 1993. NB6C na NB8C ni kizazi cha pili, kuanzia 1998, ambacho taa za mbele hazijifichi tena na dirisha la nyuma ni la kioo.

Mwenye kulaza gari nje bila banda achukue NB (kizazi cha pili) kwa sababu ya hicho kioo. Dirisha la NA (kizazi cha kwanza) ni la plastiki: jua hulifanya kuwa la manjano, na ukikunja turubai bila kwanza kufungua zipu yake linapasuka katikati. Kwa sura, NA inashinda, na hilo hatubishani. Injini ya 1,600 inatosha mjini. Ya 1,800 ina nguvu zaidi ukiwa na abiria na kiyoyozi kimewashwa, na difu yake ni kubwa na imara zaidi.

Kwa msomaji wa Kenya: sheria ya umri wa miaka 8 inazuia kuingiza NA wala NB kutoka nje. Utafute iliyokwisha sajiliwa nchini, au uchukue kizazi cha nne, ND, kilichoanza 2015, mradi gari lisizidi umri huo. Tanzania inaruhusu magari ya zamani, ila kuna ushuru wa ziada kwa ajili ya umri. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti Japani.

Hatua ya 3: Lipime gari kwa maisha yako

Kaa ndani, funga paa, funga mkanda. Mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 185 hivi kichwa chake hugusa turubai au macho yake hukutana na fremu ya juu ya kioo. Buti ni la lita 124 kwa NA, na tairi la akiba na betri vimo humohumo. Hakuna kiti cha nyuma, kwa hiyo kama kuna mtoto wa kupeleka shule na mwenzake, habari imeishia hapo.

Kisha tazama njia yako. Tuta lililojengwa na wananchi wenyewe mtaani ndilo litakaloamua, kuliko barabara kuu. Gari lililoshushwa kwa springi fupi liache, hata kama linapendeza. Uliza pia kuhusu usalama: NA nyingi za mwanzo za soko la Japani hazina eabegi wala ABS.

Kiyoyozi nacho kinataka swali lake. Magari ya kabla ya takriban 1993 yalitoka kiwandani na gesi ya R12, ambayo leo huipati kirahisi. Tafuta kibandiko ndani ya boneti. Kama kimeandikwa R12 na mfumo haujabadilishwa kwenda R134a, punguza bei kwa gharama ya kazi hiyo.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada

Ukinunua kutoka Japani, omba karatasi ya mnada yenyewe, yenye mchoro wa gari. Herufi zilizo kwenye mchoro zina maana: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni bati lililonyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni paneli ya kubadilisha, XX imeshabadilishwa. Namba inayofuata huonesha ukubwa. Daraja R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa.

Gari la daraja 3.5 lenye A na U tele lakini bila S wala C ni bora kuliko la daraja 4 lenye S chini. Mikwaruzo ni kazi ya rangi. Magari yaliyotumika Hokkaido na kaskazini mwa Honshu yametembea juu ya chumvi ya kuyeyushia theluji, kwa hiyo omba picha za chini, hasa sehemu za kuwekea jeki.

Hatua ya 5: Kagua bodi, na usiharakishe

Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, chupa ya maji ya nusu lita na mkeka wa kulalia.

Anza na kizingiti cha chini ya mlango, sentimita 30 za mwisho kabla ya tairi la nyuma. Hapo ndipo MX-5 huoza kwanza. Pitisha sumaku polepole. Inaposhika kwa nguvu ni bati. Ikilegea au kuanguka, chini ya rangi kuna puti. Gonga kwa kidole pia: bati zima hulia, puti hunyamaza. Fanya vivyo hivyo kwenye ukingo wa bati unaozunguka tairi la nyuma.

Ukitaka kujua kwa nini linaoza hapo, fungua paa nusu na uangalie nyuma ya kila kiti, karibu na nguzo ya mkanda. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hukusanyika kwenye mfereji wa plastiki na kutoka kwa mrija mmoja kila upande. Vumbi na majani vikiziba mrija, maji humwagika ndani na kujaa kwenye kizingiti, ambacho huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Mimina maji taratibu kwenye tundu. Yanapaswa kutoka chini ya gari, mbele ya tairi la nyuma, mara moja. Yakikawia, inua kapeti na ubonyeze sifongo yake. Kuzibua tumia kamba laini ya nailoni, usitumie waya: waya hutoboa mrija au kuung'oa chini, na hapo umeongeza tatizo.

Fungua buti. Betri ya NA iko upande wa kulia, na ile ya kiwandani ni ya aina iliyofungwa, yenye mirija ya kutolea gesi nje. Wengi wameweka betri ya kawaida ya maji bila mirija, na mvuke wa asidi umekula sakafu. Inua betri utazame chini yake.

Kwa NB kuna sehemu moja zaidi: zile reli mbili za chesisi za mbele, zinazobeba injini na mikono ya tairi. Zikiwa na matundu au viraka vya kuchomelea, rudisha ufunguo na uondoke.

Hatua ya 6: Sasa fungua boneti

Injini ikiwa baridi, angalia tenki la plastiki la juu ya rejeta. Jipya ni jeusi. Likigeuka kahawia limechoka kwa joto na litapasuka, na kwa kawaida huchagua siku ya foleni. Hesabu rejeta mpya kwenye bajeti.

NA za mwanzo, hadi karibu 1991, zina krankshafti yenye pua fupi. Tazama puli ya chini kwa tochi: pua fupi ina mianya minne, pua ndefu ina minane. Tatizo huanza fundi anapobadilisha mkanda wa taimingi na kukaza bolti ya puli kwa kukisia. Kifunguo kidogo cha chuma kinalegea, kinakula njia yake kwenye krankshafti, taimingi inahama na nguvu zinapotea. Washa injini uitazame puli. Ikicheza kama baiskeli yenye ringi iliyopinda, usilichukue.

Kelele ya tiki-tiki juu ya injini dakika chache za mwanzo ni vinyanyua valvu vinavyosubiri oili, na mara nyingi oili mpya huipunguza. Oili inayotiririka nyuma ya kichwa cha injini hutoka kwenye sensa ya kamshafti. Mpira wake wa duara ni wa bei ndogo, lakini oili hiyo hulainisha paipu za maji zilizo chini, kwa hiyo zibonyeze.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Muda wake ni kilomita 100,000. Kwenye 1,600 ukikatika gari linazima tu, pistoni hazigongi valvu.

Hatua ya 7: Liendeshe

Gia namba mbili kukataa kidogo gari likiwa baridi ni kawaida. Ikikwaruza hata baada ya kupata moto, giaboksi imechoka. Kwenye taa nyekundu, kaa na klachi chini na gia moja ndani kwa dakika moja. Gari likianza kusogea, silinda za klachi zinapitisha. Badilisha zote mbili, ya juu na ya chini, kwa pamoja. Ukibadilisha moja, ya pili hufuata. Joto kali kwenye shina la gia linatokana na mpira uliochanika chini yake.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza baada ya kununua

Kwa 1,600: oili ya injini lita 3.6 pamoja na filta, maji ya rejeta lita 6, giaboksi lita 2 za 75W-90 aina ya GL-4, difu lita 0.65 za GL-5. Difu ya 1,800 inachukua lita 1. Kama historia ya mkanda haijulikani, badilisha pamoja na roli zake, sili za mbele na pampu ya maji, maana kuifikia pampu ni kazi ileile.

Kuweka taimingi ya plagi kwenye NA, unganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kisanduku cha kupimia ndani ya boneti, kisha usome digrii 10 injini ikizunguka mara 850 kwa dakika. Bila kuunganisha hizo mbili, kompyuta inaihamisha na vipimo vyako ni bure.

Spea za bodi agiza mapema; Mazda ilianza kutengeneza upya baadhi ya vipuri vya NA mwaka 2018. Tairi za NA ni 185/60R14, na ringi za matundu manne ya 4x100 kama za Toyota ndogo nyingi huweza kuingia zikiwa na kina sahihi. Upepo ni psi 26 kila tairi. Mwambie kijana wa pampu kabla hajajaza 35 kwa mazoea, kwa sababu kwenye lami iliyolowa upepo huo hufanya tairi za nyuma ziteleze mapema.