Unasoma Kanada na unaitaka Wharton, shule ya biashara ya Marekani? Anza hivi

Nawasaidia vijana wa hapa Ontario kuomba vyuo vya biashara Marekani, na kila Septemba swali ni lilelile, nina wastani wa 94, watanichukua? Ukweli ni kwamba 94 peke yake haitoshi, maana Penn nzima, yaani Chuo Kikuu cha Pennsylvania chenye Wharton ndani yake, inachukua kama watu 5 au 6 kwa kila 100 wanaoomba, na wengi wanaoachwa nao wana maksi kubwa tu. Ila yapo ya kuweka sawa mapema.

Hatua ya 1: jua chuo kinakuhesabu nani. Penn ukiwa raia wa Kanada hawaangalii mfuko wa mzazi wakati wa kuamua kukuchukua, uko kapu moja na Mmarekani. Vyuo vingine vingi wewe ni mgeni tu, ukiomba msaada wa ada unaingia kwenye mizani. Soma ukurasa wa ada wa kila chuo mpaka mwisho, na mzazi awe pembeni.

Hatua ya 2: hesabu ziwe semesta ya kwanza. Hii inaumiza wengi na inaniuma kila mwaka. Shule nyingi hapa zinagawa masomo semesta mbili, na ombi la mapema linafungwa tarehe 1 Novemba, sasa kama Advanced Functions na kalkulasi, yaani hesabu za gredi ya 12, zote umeziweka Februari, msomaji wa maombi kule Penn anafungua matokeo yako anaona Kiingereza, bailojia, mazoezi ya viungo, hesabu ya gredi ya 12 hakuna hata maksi moja, na hiyo ni shule ya fedha jamani. Mfuate kaunsela ukiwa bado gredi ya 10 mpange.

Hatua ya 3: wastani wako ukiwa 93 andika 93. Usiigeuze kuwa 3.9 ya GPA, mizani ya maksi ya Marekani, kwa kikokotoo cha mtandaoni, wanaijua mizani ya Kanada. Mtihani wa SAT au ACT, ile ya kuombea vyuo vya Marekani, Penn wamerudisha kuwa lazima, fanya ya kwanza ukiwa gredi ya 11 ili ubaki na nafasi ya kurudia.

Hatua ya 4: insha. Karibu kila mtoto wa Ontario anayeomba biashara ameshiriki DECA, yale mashindano ya biashara ya wanafunzi, kwa hiyo DECA haikutofautishi. Kijana mmoja aliniletea insha ya medali, nikamuuliza Jumamosi huwa unafanya nini, akasema nakaa na mama kwenye meza yake ya sambusa sokoni, mimi ndo naamua tukaange ngapi, naangalia mvua na wiki ya mshahara, naandika kwenye daftari. Nikamwambia kalilete hilo daftari. Tulianza upya siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: ombi la mapema la Penn linakufunga, ukikubaliwa unaenda na maombi mengine unayafuta, na mzazi na kaunsela nao wanasaini. Kwa hiyo pigeni hesabu ya ada kwanza. Na usiache kuomba shule za biashara za hapahapa Ontario, Ivey, Queen's na Rotman, ni shule nzuri kwelikweli.

Hatua ya 6: ukishapata. Raia wa Kanada haombi viza ya mwanafunzi, anafika mpakani na pasipoti, fomu ya I-20 anayopewa na chuo, na risiti ya dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuandikisha wanafunzi wa kigeni. Lakini kama una ukaazi wa kudumu tu na pasipoti yako ni ya Kenya, Tanzania au Kongo, viza unahitaji, tafuta miadi ubalozini wiki ileile I-20 inapofika.