Tawi Likikauka Kuanzia Nchani, Chana Ganda Kabla ya Kununua Dawa

Mkulima akiona ncha za mwembe zinakauka, mara nyingi hukimbilia duka la pembejeo kuomba dawa ya fangasi, akapewa iliyopo. Fedha nyingi hupotea hapo. Bungua, mchwa, kiu, maji yaliyotuama, kuvu ya matawini na vimelea vya mizizini, vyote huishia kwenye tawi kavu. Majani peke yake hayamtaji mwuaji.

Chukua kisu kikali, uchane ganda pale tawi bichi linapokutana na lililokufa. Penye uzima utakuta ukijani chini ya ganda. Kuvu iitwayo Lasiodiplodia theobromae, inayoshambulia mwembe, mparachichi, mchungwa na hata mkorosho, huacha rangi ya kahawia inayoshuka ndani ya tawi. Ukilikata kwa upana, doa mara nyingi huwa na umbo la kipande cha chapati, pana ukingoni na jembamba kuelekea kiini. Ganda hupasuka, hutoa utomvu, na baadaye huota vidoti vyeusi vidogo. Hivyo ndivyo vinavyobeba spora, yaani mbegu za kuvu.

Kuvu hii inaweza kukaa ndani ya mti bila dalili yoyote. Kiu na majeraha ndivyo vinavyoipa nguvu. Kwa hiyo miti iliyo kwenye luseni, mchanga usioshika maji, iangaliwe zaidi kiangazi cha Juni hadi Septemba, na hasa iliyopigwa mapanga ovyo wakati wa kuvuna.

Ukikuta tundu na unga wa mbao, mtafute bungua kwanza. Utando wa rangi ya waridi juu ya ganda ni ugonjwa mwingine wa kuvu, tofauti na ule wa Lasiodiplodia. Chule, nao ugonjwa wa kuvu, hupenda mvua, na hupiga machipukizi, maua na matunda machanga.

Sasa teremka chini, maana wengi hawafiki huko. Mparachichi ukiwa na majani madogo yaliyopauka na kilele kinachopukutika chote kwa pamoja, fukua mizizi midogo. Mizima huwa myeupe, iliyooza huwa myeusi na hukatika kirahisi. Hiyo ni kazi ya Phytophthora cinnamomi, kimelea cha mizizini ambacho kisayansi si kuvu halisi na hustawi penye maji, kama kwenye udongo mzito wa mbuga. Kupulizia dawa ya shaba kwenye majani hakutaiokoa mizizi hiyo. Chimba mtaro wa kutoa maji, na miche mipya ipande juu ya tuta. Wenye michungwa Ukerewe waangalie pia shina karibu na udongo: utomvu unaotoka hapo, pamoja na mizizi inayochubuka ganda na kubaki uzi, ni dalili ya jamii hiyohiyo.

Jicho hata hivyo lina mpaka. Kuvu za matawini zina ndugu wengi wanaofanana, na hutenganishwa kwa kuoteshwa maabara, kuangalia spora kwa hadubini na kupima vinasaba. Kosa la kawaida ni kupeleka tawi lililokufa kabisa. Humo wameshaingia kuvu walao mizoga, na majibu yatakuwa yao. Kata kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye sehemu mbichi na sehemu kavu, ukifunge kwa gazeti kavu, ukiweke kwenye bahasha ya kaki kivulini. Mizizi na udongo wake viwe na unyevu kidogo ndani ya mfuko wa plastiki, kwani vikikauka kimelea hufa. Andika aina ya mti, umri, kijiji na tarehe, kisha vifike ndani ya siku moja au mbili. Anza kwa afisa ugani wa kata, akuelekeze kama ni TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru, pale Misungwi, au maabara nyingine.

Wakati unasubiri, siku isiyo na mvua, kata matawi yenye ugonjwa hadi upite rangi ya kahawia kwa sentimita 15 hivi. Futa msumeno kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Matawi uliyokata yachome. Ukiyataka kwa kuni, yapeleke jikoni mapema, usiyarundike chini ya miti hai, kwa sababu vile vidoti vyeusi huendelea kutoa spora kila mvua inaponyesha.