SOMO: Jinsi ya kujua ziwa limetokana na nini kwa kutumia ramani tu

Wakuu, kila mitihani ikikaribia swali ni lile lile: "Ziwa Victoria ni la Bonde la Ufa?" Nimelijibu hadi nimechoka, kwa hiyo naweka njia nzima hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye uzi huu. Njia yenyewe inafaa kwa ziwa lolote, kuanzia Turkana hadi Nyasa.

Unahitaji atlasi yenye rangi za mwinuko, ramani ya topografia ya 1:50,000 ukiipata, na simu ya kutazamia picha za setilaiti.

Hatua ya 1. Litafute ziwa kwenye atlasi, usome uso wake uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Namba hiyo utaitumia hatua ya 6.

Hatua ya 2. Tazama umbo. Likiwa refu na jembamba kama Tanganyika, lenye urefu wa karibu kilomita 670 na upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, anza kufikiria ufa. Likiwa dogo, la mviringo, na limezungukwa na kingo za juu pande zote, fikiria kasoko ya volkano, yaani shimo lililoachwa na mlipuko. Lenye matawi mengi huku upande mmoja umekatwa kwa mstari ulionyooka ni bwawa la kujengwa, kama Mtera kwenye Ruaha Mkuu. Kipande cha maji kilichopinda nusu duara kando ya mto wa tambarare ni mkondo wa zamani uliokatika. Utavikuta vipande hivyo Tana ukikaribia bahari.

Hatua ya 3. Tafuta ukuta. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) zilizobanana na kwenda sambamba na ufuko kwa kilomita nyingi ndizo ukuta wa ufa. Usisubiri kuta mbili. Manyara lina ukuta mkubwa upande wa magharibi tu: ukitoka Mto wa Mbu kwenda Karatu barabara inapanda kwa kona, na ukifika juu ziwa lote liko chini yako, ilhali ng'ambo ya mashariki ardhi inakwenda polepole bila genge, yaani bila ukuta mkali wa mwamba. Sakafu ya ufa ilizama zaidi upande mmoja, basi.

Hatua ya 4. Mito. Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo someni taratibu. Usiishie kuhesabu mito inayoingia na inayotoka. Linganisha mto unakoelekea leo na umbo la bonde lake.

Chukua ramani ya Uganda, ufuate Mto Katonga kutoka Ziwa Victoria kwenda magharibi. Bonde ni moja, pana, limejaa mafunjo. Lakini njiani kuna kinamasi ambapo maji yanagawanyika: mengine yanarudi mashariki hadi Victoria, mengine yanaendelea magharibi hadi Ziwa George. Zamani huo ulikuwa mto mmoja ulioelekea magharibi. Ardhi ya kando ya ufa wa magharibi ilipoinuka, mteremko ukapotea, maji yakarudi nyuma na kutuama kwenye ardhi iliyobonyea kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Mto Kafu ulipatwa na jambo hilo hilo, na matawi ya Ziwa Kyoga ni mabonde ya mito yaliyofurika. Kagera nao, ambao leo ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Victoria, unatoka huko huko magharibi.

Kwa hiyo Victoria ni ziwa la ardhi iliyobonyea. Liko KATI ya matawi ya ufa, haliko NDANI ya ufa. Ukiandika kwamba "lilitokana na kupasuka kwa ardhi kama Tanganyika" umekosa alama, na umekosa kwa haki.

Onyo lingine: msichanganye ukubwa na asili. Kuwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika hakuthibitishi kitu chochote.

Hatua ya 5. Chumvi. Maji ya chumvi hayathibitishi ufa. Yanaonyesha kwamba ziwa halina njia ya kutolea maji na jua linayakausha, ndivyo ilivyo kwa Natron, Eyasi na Magadi. Tanganyika na Nyasa yamo ndani ya ufa na maji yake ni baridi, yaani si ya chumvi, kwa sababu la kwanza linatoa maji kupitia Lukuga na la pili kupitia Shire.

Hatua ya 6. Kina kiwe cha mwisho, maana ramani ya topografia kwa kawaida haikionyeshi, utakitoa kwenye atlasi. Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na uso wake uko kama mita 773 juu ya bahari. Toa moja kwa nyingine: sehemu yake ya chini kabisa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Victoria, pamoja na ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, linafika mita 80 na kidogo tu. Ni sahani. Ila ziwa la ufa pia linaweza kuwa na maji haba, tazama Manyara na Rukwa, kwa hiyo kina peke yake hakitoshi.

Jibu lako liwe na angalau sababu mbili kutoka hatua tofauti.

---

Kidato4_Moto: Mkuu kwa ufupi, Victoria ni la ufa au si la ufa?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kidato4_Moto: Nina haraka, paper kesho asubuhi.

Mwandishi: Hatua ya 4 inasomwa kwa dakika mbili.

Nyakach: Mwalimu, nina swali la kweli. Mimi ni wa upande wa Kisumu. Huku kwetu tunaona magenge kaskazini na kusini, na tulifundishwa kwamba Ghuba ya Winam imo ndani ya ufa. Hiyo inakubaliana vipi na somo lako?

Mwandishi: Swali zuri sana hili, na umeona sawasawa. Kuna ufa mdogo wa Nyanza unaochepuka kutoka ufa mkuu wa Kenya kuelekea magharibi, na Ghuba ya Winam imelala humo. Genge la Nandi ni ukuta wake wa kaskazini, na kusini unaona miinuko ya Nyabondo. Kwa hiyo kona hiyo ya ziwa imekaa kwenye ufa, ilhali ziwa kwa jumla limetokana na kubonyea kwa ardhi. Kwenye mtihani ukitaja yote mawili kwa mpangilio huo, msahihishaji makini atafurahi.

Jembe Halimtupi: Kitabu chetu kimeandika wazi "maziwa ya Bonde la Ufa ni Tanganyika, Nyasa, Victoria..." Wewe ni nani ukipinge kitabu?

Mwandishi: Sijakuomba uniamini mimi. Nimekutajia mto, kinamasi na kina. Vitafute kwenye atlasi, kisha uje na hoja ya ramani tujadili.

Mama Malewa: Nakaa Naivasha. Hakuna mto unaotoka kwenye ziwa letu, na bado maji ni baridi. Kwa hatua ya 5 yalitakiwa yawe ya chumvi.

Mwandishi: Asante mama, hapo umenikumbusha jambo la kuongeza. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, na hakuna unaotoka juu ya ardhi, lakini maji yanapenya chini kwenye miamba ya volkano na kuondoka na chumvi. Naivasha liko juu kuliko majirani zake wa kaskazini na kusini, ndiyo maana maji yanapata pa kuteremkia. Baringo nalo linapitisha maji chini ya ardhi hivyo hivyo. Hatua ya 5 isomeke: halina njia ya kutolea maji, juu wala chini ya ardhi.

Bukavu_Nyawera: Na Kivu unaliweka kundi gani?

Mwandishi: Makundi mawili. Limo ndani ya ufa wa magharibi, lakini maji yake zamani yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikaziba njia, maji yakapanda hadi yakapata pa kutokea kusini, kwa Mto Ruzizi, kwenda Tanganyika. Bunyonyi la Uganda nalo ni bonde lililozibwa na lava, ndiyo maana lina kona nyingi na visiwa vingi.

Bukavu_Nyawera: Asante sana. Na ile gesi ya chini?

Mwandishi: Methani na kabonidioksidi, zimeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu. Rwanda inaichota methani hiyo kuzalisha umeme. Inastahili somo lake.

Holili Boy: Kwenye ramani nitatofautishaje kilima na kasoko? Vyote ni kontua za duara. Nauliza kwa ajili ya Ziwa Chala.

Mwandishi: Soma namba. Kilima kinaongezeka ukielekea katikati. Kwenye kasoko namba zinapanda hadi ukingoni, halafu zinashuka ndani. Ramani nyingi pia zinaweka vijistari vifupi kwenye kontua za shimo, vikielekea ndani. Kwa Chala utaona kontua zimebanana kabisa kuzunguka maji, na huoni mto mkubwa ukiingia. Linalishwa na maji ya chini ya ardhi kutoka miteremko ya Kilimanjaro. Ukienda kulitazama, shuka kwa njia iliyozoeleka, kuta zile ni kali.