SOMO: Mvua ya radi ikikukutia shamba, usivuke korongo

Wakuu habari za mvua. Hili ni kwa ajili yetu tunaoishi Dar ila mashamba yako Kisarawe, Mkuranga, wengine mpaka Kilosa, wikiendi mtu anawasha pikipiki huyoo. Mafuriko ya Jangwani tunayajua, Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa humu humu mjini, lakini ya kijijini yana tabia yake na watu wa mjini hatuijui.

Shika hili kwanza: mvua inayoua si lazima ikunyeshee wewe. Inamwagika huko milimani, wewe uko bondeni jua linawaka na korongo kavu kabisa. Mi nimeshaona kwa macho yangu, tumesimama tunapiga stori ukasikika mngurumo kama lori linapandisha mlima, kidogo tu likatokea povu la kahawia linasukuma mabua ya mahindi na ndala moja ya mtoto, na nyuma yake ndo maji yenyewe. Ile ndala mpaka leo sijaisahau.

Hatua ya 1. Kabla hujatoka cheki kama TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wametoa angalizo au tahadhari, afu mpigie mtu anayekaa huko mto unakotokea, sio mwenyeji wako wa shamba peke yake.

Hatua ya 2. Usilale wala kupaki korongoni hata kama mchanga ni mkavu. Angalia miti ya pembeni, ukiona takataka zimenasa matawini ujue maji yanafikaga pale.

Hatua ya 3. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti, panda kingo hapo hapo. Usikimbie kufuata korongo, maji yatakuwahi, na jembe, mbuzi, pikipiki, vyote achana navyo.

Hatua ya 4. Usivuke. Maji ya kasi ya sentimita 15, yani ya kifundoni tu, yanamwangusha mtu mzima, 30 yanainua gari dogo, 60 yanabeba karibu gari lolote, na kwenye tope huwezi kujua kama kalavati bado lipo.

Hatua ya 5. Radi nayo ipo. Ukishapanda juu usijibanze chini ya mwembe uliosimama peke yake, tafuta nyumba au gari lililofungwa vioo, subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

MASWALI

Mkuu, mbona wenyeji wanashikana mikono wanavuka?
Wanavuka kweli, na akiteleza mmoja anawavuta wenzie. Mi siwezi kukushauri hilo kaka yangu.

Boda anasema njia anaijua, nimwamini?
Anaijua ikiwa kavu. Shuka, mlipe pesa yake, afu subirini wote wawili.

Inachukua muda gani kupungua?
Korongo dogo masaa machache mvua ikikata huko juu. Mto mkubwa kama Rufiji ni siku nyingi, usiufananishe.

Nikiona mtu anachukuliwa na maji nimrukie?
Hapana dada, tafadhali, mtakuwa wawili. Mtupie kamba au dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko vizuri, piga kelele watu waje, piga 114 Zimamoto, na mfuate kwa kutembea juu ya kingo ili usimpoteze machoni.