Kabla fundi hajakata pindo

Ukipeleka kitenge kwa fundi, usiishie kumwambia "nishonee gauni la chini ya goti." Nyumbani kwanza vaa viatu utakavyovaa siku hiyo, jifunge khanga, simama mbele ya kioo kisha uipandishe na kuishusha taratibu. Utaona kuna mahali mguu unaonekana mrefu na mahali unaonekana kama umekatwa. Kwa wengi wetu pabaya ni katikati ya shavu la mguu, pale penye unene. Pandisha hadi chini kidogo ya goti, au shusha hadi mguu unapoanza kuwa mwembamba juu ya kifundo. Sentimita 3 tu, na gauni ni jingine kabisa.

Wafupi msiogope gauni refu. Likaribie sakafu, na kiuno kishonwe juu kidogo ya kiuno chako. Warefu hata urefu wa kwenye shavu la mguu huwakubali, bahati yao.

Sasa makalio. Yanakula kitambaa! Fundi akipima mbele pekee, gauni litapanda nyuma. Apime na nyuma, kutoka kiunoni, futi ipite juu ya makalio hadi pindoni. Mwenye tumbo ni kinyume chake, mbele ndiko hupanda.

Kitenge cha pamba kiloweke na kukikausha kabla ya kukatwa, maana vingine hurudi vikifuliwa. Na pindo la ndani liachwe sentimita 5. Mimi limeniokoa mara mbili.