Asilimia 44 ya nini? Namna ninavyosoma habari ya utafiti kabla ya kuituma

Nina duka la dawa muhimu hapa Kirumba, si mbali na Mwaloni, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kusoma simu za watu. Mteja anaingia, salamu hata haijaisha, ananinyooshea kioo: "Mayu, dawa hii mnayo?" Au: "Soma hapa, wanasema neti za zamani hazifai tena." Mwezi uliopita aliingia mama mmoja anayeuza dagaa. Aliweka simu yake juu ya kaunta bila kusema neno. Kulikuwa na picha ya sangara aliyepasuliwa tumbo, na chini yake maandishi makubwa: WATAFITI WAGUNDUA SAMAKI WA MWANZA WAMEJAA PLASTIKI, MSILE. Mnunuzi wake wa Shinyanga alikuwa ameshampigia kwamba magunia mawili yasubiri kwanza.

Nilimvutia benchi tukakaa. Tulichofanya pale ndicho ninachotaka kukueleza, kwa sababu njia ni ileile, habari iwe ya dawa, ya neti au ya ziwa letu. Uwe na simu yenye bando, daftari na kalamu, na nusu saa ambayo hutafanya jambo jingine.

Anza kwa kuutafuta utafiti wenyewe. Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ni habari ya habari ya utafiti, na kila aliyeipokea kaikata kidogo au kaiongezea chumvi. Andika kwenye Google Scholar, sehemu ya Google ya kutafutia makala za utafiti, kitu kilichopimwa na mahali kilipopimwa. Kama ni habari ya tiba, tumia PubMed, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba. Andika kwa Kiingereza, maana makala nyingi zimo kwa lugha hiyo, na kama Kiingereza kinakusumbua muite kijana wa sekondari akae nawe. Hata pale makala nzima inapouzwa, muhtasari wake husomwa bure, na muhtasari mara nyingi unatosha. Ujumbe ukiwa hautaji mahali, mwaka wala taasisi, na ukitafuta hupati chochote, ishia hapo. Usiutume. Hilo sihitaji kulieleza zaidi.

Wa samaki tuliupata haraka. Ni makala ya mwaka 2016, katika jarida linaloitwa Journal of Great Lakes Research. Mama akashangaa: "Kumbe ni ya zamani hivyo?" Ndiyo. Habari ya 2016 inaweza kuzunguka leo kama ya jana, kwa hiyo mwaka uwe kitu cha kwanza kuandika kwenye daftari.

Kisha tafuta walipima wangapi, na walipima sehemu gani. Watafiti wale walinunua samaki sokoni hapahapa Mwanza, sangara 20 na sato 20. Waliwapasua wakachunguza utumbo. Walichokishuku kwa kutazama kilikuwa plastiki katika sangara 11 na sato 7. Lakini hawakuishia kutazama, na hapa ndipo ninapowaheshimu. Vipande vilipitishwa kwenye kifaa cha mwanga wa infraredi. Kila aina ya plastiki inanyonya mwanga huo kwa namna yake, kama alama ya kidole, kwa hiyo kifaa kinaweza kukuambia hii ni polietilini kama ya mifuko, hii ni poliesta kama ya nguo, na kile ulichodhani ni plastiki pengine si plastiki kabisa. Baada ya kipimo hicho, waliothibitika walikuwa asilimia 20 ya kila aina: samaki 4 kati ya 20.

Nilimwandikia mama mistari miwili. Walioshukiwa: 11 na 7. Waliothibitika: 4 na 4. Akaishika ile karatasi muda mrefu.

Usifikiri namwambia jambo hili ni dogo. Mtu aliyewahi kusimama kando ya Mto Mirongo baada ya mvua kubwa ameona chupa na mifuko inavyoelekea ziwani, na mimi inaniuma. Lakini "samaki 4 kati ya 20, kwenye utumbo" na "samaki wa Mwanza wamejaa plastiki" ni habari mbili tofauti. Sato tunamtoa utumbo kabla ya kumkaanga. Watafiti hawakusema mnofu una plastiki, wala hawakusema msile. Neno "msile" liliandikwa na mtu mwingine, njiani.

Sasa nije kwenye swali ninaloliona kubwa kuliko yote, ambalo watu wengi wanaliruka: wamelinganisha na nini?

Nitalieleza kwa neti, kwa sababu utafiti wenyewe umefanyika mkoani kwetu, wilaya ya Misungwi, na kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kukosea juu yake. Neti nyingi tulizozizoea zina dawa ya jamii ya pairetroidi, inayoshambulia neva za mbu. Mbu wetu wameizoea. Kwa hiyo watafiti, wakiwemo wa NIMR Mwanza, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walichukua makundi 84 ya kaya wakayagawa kwa bahati nasibu, makundi 21 kwa kila aina ya neti. Aina tatu zilikuwa mpya, ya nne ni ile ya pairetroidi peke yake. Matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2022. Neti iliyoongezewa dawa iitwayo klorofenapiri ilipunguza vipindi vya kuugua malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili.

Asilimia 44 ya nini? Nimewauliza wateja wengi, na jibu ninalopewa ni mojawapo kati ya haya mawili: "watoto 44 kati ya 100 walipona," au "ukilala na neti hiyo malaria inapungua 44 kuliko kulala bila neti." Yote mawili siyo. Hakuna mtoto aliyenyimwa neti ili awe wa kulinganishwa. Waliolinganishwa nao walikuwa wanalala kwenye neti ya kawaida, nayo mpya. Maana yake ile 44 ni nyongeza juu ya kinga ambayo neti ya kawaida ilikuwa inatoa tayari. Ukikosa kuuliza hili swali, unaweza kumfanya mtu avue neti ya zamani akidhani ni takataka, alale wazi akisubiri mpya.

Ukikutana na asilimia, igeuze iwe watu. Mimi natumia maharage. Nina sinia dogo chini ya kaunta, nahesabu punje 100. Kwenye utafiti huo, miezi 24 tangu neti zigawiwe, walipima damu za watoto. Upande wa neti ya kawaida, takriban 46 kati ya 100 walikuwa na vimelea vya malaria. Upande wa klorofenapiri, takriban 26. Nasogeza punje 46 upande mmoja mteja azione. Halafu nazirudisha 20. "Hawa ndio neti mpya iliowaokoa," namwambia. Kisha nasubiri, maana mara nyingi mwenyewe anaziona zile 26 zilizobaki, ananiuliza: "Na hawa?" Hawa wanalala ndani ya neti nzuri kuliko zote zilizojaribiwa pale, na bado wana vimelea. Kwa hiyo mtoto akichemka mwili, hata kama ana neti mpya, mpeleke akapimwe. Sijapata namna nyingine ya kueleza inayoeleweka kama ile ya maharage.

Kosa langu lilikuwa hivi. Jirani alipata neti mpya, akaja kunilalamikia kwamba haina dawa: mbu wanatua, wanaruka, wanaenda zao. Neti ya zamani, alisema, ilikuwa inawaangusha hapohapo. Nikamkubalia. Akaifungia bustani ya mchicha dhidi ya kuku. Baadaye sana nikasoma namna klorofenapiri inavyofanya kazi, moyo ukanishuka. Dawa hiyo haishambulii neva. Inaingia mwilini mwa mbu, na vimeng'enya vya mbu mwenyewe ndivyo vinavyoibadili iwe sumu. Baadhi ya vimeng'enya hivyo ni vilevile ambavyo mbu sugu huvitumia kuivunja pairetroidi. Ikishabadilika inazuia seli zake kutengeneza nguvu. Mbu huondoka anaruka, kisha anakufa baadaye, ndiyo maana maabara huhesabu mbu waliokufa hadi saa 72 zipite. Jirani yangu alikuwa ameona kweli, na mimi ndiye niliyemtafsiria vibaya. Nilimfuata nikamwambia. Neti ilikuwa imeshachanika.

Ndiyo maana nasema: ukisoma kwamba kitu kinafanya kazi, soma pia kinafanyaje kazi. Sentensi mbili tatu zinatosha. Zinakuambia utegemee kuona nini nyumbani.

Angalia vilevile walijaribu kwa nani. Habari za "mmea unaoua saratani" karibu zote ninazoletewa ni za seli kwenye kisahani cha maabara, au za panya. Jiki nayo inaua seli za saratani kwenye kisahani. Hakuna mtu wa kuinywa. Ukiona kisahani au panya, mwambie mgonjwa wazi kwamba binadamu bado, na asiache dawa aliyoandikiwa hospitali.

Halafu uliza kama kuna wengine waliorudia. Neti za klorofenapiri zilijaribiwa tena Benin, kule mbali, wakapata karibu jibu lilelile, asilimia 46. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza. Hapo naongea kwa sauti ya juu.

Lakini mara nyingine marudio hayakubaliani, na mfano mkubwa ninaoujua ni wetu. Miaka ya tisini mwanzoni, huku Mwanza vijijini, watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, na maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi yakapungua kwa takriban asilimia 40. Ilitangazwa 1995, na dunia nzima ikaijua Mwanza. Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, Uganda, ng'ambo ya ziwa hilihili: walitibu magonjwa ya zinaa kwa umma mzima, nyumba kwa nyumba, na maambukizi ya virusi hayakupungua kwa tofauti yoyote ya maana. Nani alidanganya? Hakuna. Mwanza walikuwa wanamtibu mwenye dalili kila anapofika kituoni. Rakai walitibu kila mtu, mwenye dalili na asiye nazo, kwa awamu zilizopishana miezi kadhaa. Tena Ukimwi ulikuwa umeshakomaa zaidi Rakai kuliko huku. Ukipata tafiti mbili zinazopingana, usichague unayoipenda. Zisome zote mbili, tafuta walitofautiana wapi.

Jambo la mwisho ni umbali kati ya habari na rafu ya duka langu. Akina mama wa kandokando ya ziwa wananiuliza sana kuhusu dawa ya kichocho ya watoto wadogo, na wana haki. Kidonge cha kawaida cha prazikwanteli ni kikubwa, kichungu, na kampeni kwa miaka mingi zilikuwa za watoto wa shule, huku anayeogeshwa ziwani akiwa wa mwaka mmoja. Dawa mpya, arprazikwanteli, ni ya miezi 3 hadi miaka 6, inayeyuka kwenye maji. Ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa maoni mazuri Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani likaithibitisha 2024, na Uganda ikaanza kuitoa 2025. Hesabu mwenyewe hatua hizo. Nami kabla ya kumuahidi mama yeyote naangalia kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya hapa kwetu, na nampeleka kituo cha afya mtoto akapimwe. Habari ikisema "imegunduliwa", tafuta iko hatua ya ngapi.

Tukarudi kwa mama wa dagaa. Nilimwambia aandike ujumbe wake mwenyewe, akatume kwenye kundi lilelile na kwa mnunuzi wa Shinyanga. Aliandika kwa kidole kimoja, mimi nasoma daftari:

"Utafiti ni wa 2016. Walipima sangara 20 na sato 20 wa soko la Mwanza. Plastiki ilithibitika kwenye utumbo wa 4 na 4. Mnofu hawakuuzungumzia. Hawakusema msile."

Akataka kuongeza: "Dagaa ni salama."

Nikamshika mkono. Dagaa hawakuwemo kwenye utafiti ule, na dagaa tunamla mzima, na utumbo wake. Alinitazama vibaya kidogo, kwa sababu yeye anauza dagaa, si sato. Nilijua magunia yale mawili ni ada ya mtoto. Tulibishana mpaka mteja mwingine akaingia. Mwishowe alifuta, akaandika: "Dagaa hawakupimwa," akabonyeza kutuma.